Uji wa mzazi, na mimi nina wajukuu saba

Leo nimeletewa uji wa mzazi, mimi mwenye wajukuu saba.

Sikilizeni wenzangu, kisha mniambie ningejibu nini.

Asubuhi mke wa daktari wa kizungu wa Wete, ninayemshonea nguo, kapanda meli kwenda Unguja. Paka wake kaniachia mimi.

Si kama paka wetu hawa. Asili yake nchi ya Siam, na mwenye paka anasema wazee wake walilelewa majumbani mwa wafalme. Uso mweusi, macho ya buluu. Mpole, lakini hanyamazi, na akimpenda mtu hataki kuachwa hata kidogo.

Basi nimetoka uani kuanika karafuu tu, huku ndani kalia. Kalia kama mtoto mchanga hasa.

Kijiji chetu kizima cha Ole kimesikia.

Jamvi la pili sijalimaliza, jirani yangu Bi Time huyo mlangoni na bakuli la uji wa pilipili manga.

"Hongera, dada. Mtu ajifungua kimya kimya, hata hatuitwi?"

Nikamwonyesha. Kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kamfunga paka kwa kanga, kampakata, na uji tukaunywa sisi.

Ndipo mume wangu akarudi kutoka shamba. Habari ya paka hana. Kaona uji, kaona kanga, na kilio kikaanza tena humo ndani.

Katua pakacha polepole.

"Kafanana na nani?"

Bi Time kafunua kanga.

Mzee kayatazama yale macho ya buluu, kisha kanitazama mimi.

"Kwetu," kasema, "hakuna mwenye macho haya."