Mbio za Kupandisha Barua Newala

Vita vya Maji Maji viliisha, njaa ikabaki, nami nikabaki na kazi ya utarishi. Nilikuwa napokea mfuko wa barua bondeni kutoka kwa tarishi wa Masasi, kisha naupandisha genge la mlima hadi uwanda wa juu, kwenye boma la Newala. Nilikuwa nachelewa. Kiboko nilikwisha kukionja, na sasa bwana wa boma alisema nikifika tena baada ya tarumbeta ya adhuhuri, nitapelekwa mashamba ya mkonge Lindi. Mke wangu alikuwa mjamzito. Ilinibidi nijifunze mbio upya.

Kila mtu akawa mwalimu. Askari mmoja alitaka nikimbie kila alfajiri na mawe mgongoni, nikiinua magoti kama wao kwenye kwata. Tarishi wa Masasi, mtu mzima aliyewahi kubeba pembe misafarani, alicheka.

"Mlima upande kwa kutembea, mbio ziweke tambarare. Mwenda pole hajikwai."

"Hajikwai, kaka, ila anachapwa," nikamjibu.

Nikachagua mawe. Yaliniumiza, na mimi niliyaona maumivu kuwa maendeleo. Nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa Newala halisahau: uwandani hakuna maji. Mke wangu aliteremka genge kuyateka, akayapandisha kichwani, na tumbo lile. Mimi nikirudi mbioni nayamaliza kwa kunywa na kuoga. Mama mkwe, ambaye kwa heshima hatusemezani uso kwa uso, alimpazia sauti binti yake ili nisikie: "Mwambie mumeo maji haya hatuyachimbi uvunguni."

Nilikasirika, maana alisema kweli. Nikatupa mawe, nikachukua mtungi. Njiani wanawake walinicheka mpaka wakashika mbavu, mwanamume mzima na mtungi kichwani. Nilichukia kila hatua ya njia ile. Lakini kuteremka na kupanda kila siku, polepole, maji yasimwagike, ndiko kulikonipa pumzi.

Zamu iliyofuata nilipanda genge kwa kutembea, kama tarishi mwenzangu wa Masasi alivyosema, na tambarare nikatimua mbio. Nilifika bomani askari hawajawasha hata moto wa chakula cha mchana. Bwana wa boma alitazama saa yake, akatabasamu. Nilifurahi kama mjinga.

Akamwita karani. Alisema kumbe inawezekana, basi tangu leo kila tarishi, wa Masasi na wa Newala, aende kwa mwendo huo, na atakayeshindwa aende Lindi. Nilibaki nimesimama pale, jasho linanitiririka, nikimwaza mwenzangu na magoti yake yaliyochakaa tangu enzi za misafara.

Hazikupita zamu nyingi, nikateremka bondeni nikamkuta kijana nisiyemjua ameshika mfuko wa Masasi.

"Shikamoo," akasema. "Wanasema wewe ndiwe hodari. Ulijifunzaje?"

Nilipokea mfuko nikaondoka bila hata kuitikia marahaba.