Miraba ya Mkaa

Mjomba, kaka yake mama, alirudi kutoka masomoni Ulaya na kamera ndogo ya sinema, ile ya kukazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani. Filamu ilikuwa imebaki moja tu, na Mwanza wakati ule hata sabuni ilikuwa ya kubahatisha, sembuse filamu. Akaniambia, "Nakuazima. Lakini ukishabonyeza hakuna kurudi nyuma. Panga kwanza."

Nikapanga. Mimi ni mtu wa aibu, mbele ya wageni hata shikamoo yangu haitoki vizuri, ila kwa kazi ile nilijisahau. Bibi, mama yake baba, alikuwa kwetu Nyakato kwa matibabu, na hospitali walishasema arudi tu nyumbani Bukoba. Meli ilikuwa Jumatatu. Sote tulijua maana ya hiyo "tu". Nilitaka nibaki naye kwenye filamu, akimenya ndizi: kisu kinazunguka, maganda yanadondoka, mwenyewe hatazami mikono, anatazama watu na kuwasema, kisha anacheka na kujiziba mdomo kwa mgongo wa mkono kwa sababu ya mapengo.

Nikatoboa kiberiti kitupu, nikawa nachungulia kama ndiyo kamera, mpaka nikajua nikae wapi nipate mikono na nisogee wapi nipate uso. Kwenye ukuta wa jikoni nikachora miraba kwa mkaa: mikono, kisu, kicheko, Bibi akipeleka sufuria motoni. Nikaangalia jua linaingia uani saa ngapi. Nikajizoeza kushika kamera bila kutetemeka, filamu ikiwa bado haijawekwa.

"Mke mwenzangu," Bibi akaniuliza, maana ndivyo alivyonitania siku zote, "unachungulia nini humo kwenye kiberiti?"

"Nakutazama wewe."

"Tazama. Hailipiwi."

Jumapili baba akarudi kutoka kanisani na majirani nyuma yake. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alishawatangazia wote kwamba nyumbani kwake kuna picha. Walikuja na nguo za sikukuu. Bibi akanyang'anywa kisu, akavishwa kitenge kipya cha mama na viatu vya mama vilivyombana. Baba akawapanga kama studio: wazee kwenye viti, akina mama nyuma, watoto chini.

"Baba," nikasema. "Hii ni ya watu wanaotembea."

"Watembee waende wapi?"

"Bibi akae jikoni, amenye..."

"Watu wamwone mama yangu kwenye moshi, kama hana mtoto?" Akawageukia wengine. "Ndugu, mtu asitikisike. Ukitikisika umeharibu picha ya wenzako."

Mjomba angemweleza, lakini alikuwa kwake Butimba, na baba hakuwa mtu wa kuelezwa na shemeji. Nikabonyeza. Kamera ikalia kama cherehani. Watu wakakauka. Bibi tu ndiye aliyesema kitu, bila kusogeza midomo:

"Mke mwenzangu, nipumue au bado?"

"Bado, Mama," baba akajibu.

Springi ikaisha nguvu. Baba akaniamuru nikaze tena, wakakauka tena, hivyo hivyo mpaka filamu yote ikaisha. Kesho yake Bibi akapanda meli.

Filamu ilikwenda kusafishwa huko huko Ulaya, na kabla haijarudi Bibi alikuwa ameshazikwa. Wageni walipokuja kutupa pole, mama alishapaka chokaa ukuta wa jikoni ili wasione uchafu. Miraba yangu ikaishia hapo. Nilidhani bado ninayo filamu, angalau uso.

Tuliitazama Butimba, kwenye shuka lililotundikwa sebuleni kwa mjomba. Watu wamesimama. Wanaendelea kusimama. Bibi amebana midomo, mikono imewekwa magotini kama ya mtu mwingine. Mjomba alinitazama mara moja, kisha akainamisha kichwa. Kitu kimoja tu kilitembea: kuku wetu mwekundu alikatiza mbele ya viti, akadonoa kitu karibu na kiatu cha Bibi, akaenda zake.

Baba alilia. Ni mara pekee nimemwona akilia, na mpaka leo sijamsamehe, hata kwa machozi yale.

"Mmeona alivyokaa kwa heshima," alisema, akijifuta. "Ila huyo kuku. Huyo kuku ndiye katuharibia."