Siku Niliyomfunua Maiti Kope

Niliteleza uani kwangu Mlingotini nikavunjika mguu, mwanangu wa kike akanichukua kwake Magomeni, pale Bagamoyo mjini. Nilikaa miezi mitatu nimenyoosha mguu kwenye kochi, na huko ndiko nilikoijua ile tamthilia.

Ilianza kila siku baada ya alasiri. Watu wake wa nchi za mbali, maneno yametiwa Kiswahili. Mtu anakutwa amekufa nyumbani kwake, jamaa wanasema alikuwa mgonjwa, alijifia tu. Kisha anakuja mama mmoja daktari, glavu mikononi, anamkagua maiti kuanzia utosini. Anatazama kucha. Anafunua kope, atazame kama jicho lina wekundu wa mtu aliyezibwa pumzi. Halafu anageuka kwa wenzake na kusema, "Huyu hakujifia." Kabla kipindi hakijaisha muuaji ameshakamatwa, na mara nyingi ni mtu wa humohumo ndani, aliyekuwa akimpikia uji.

Mimi maiti nawajua. Nimeosha wanawake wa kijijini kwetu zaidi ya miaka ishirini. Kazi hiyo alinifundisha mama yangu, na somo lake la kwanza halikuhusu maji wala sanda. Aliniambia, "Maiti ni amana. Ukiona jema kwake, liseme. Ukiona baya, lizike naye."

Kwa hiyo mwanzoni nilikuwa nikiona haya nikimtazama yule daktari akifunua watu na kuwasema. Lakini miezi mitatu ni mingi. Kufika mwezi wa pili nilikuwa namtambua muuaji kabla ya wachunguzi, na mwanangu akirudi kazini namweleza nilivyomjua. Nikaanza kuwaza wale wote niliowaosha. Yule aliyeanguka kisimani. Yule aliyeamka mzima, adhuhuri hayupo. Ni wangapi niliwafunika pamoja na siri zao?

Niliporudi nyumbani mguu umepona, ila macho yangu hayakuwa yale niliyoondoka nayo.

Jirani yangu wa upande wa kisima alikuwa bibi aliyepooza upande mmoja. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, fundi mwashi huko Dar, anayekuja mara moja kwa mwezi. Aliyemuuguza ni mkamwana wake, mke wa huyo fundi na mama wa watoto wake wawili, aliyeolewa kutoka Lugoba. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya. Anakuamkia vizuri, anapita. Hakai barazani kusukana nywele na wenziwe, na kwetu sisi mtu asiyekaa barazani huwa ana jambo.

Bibi alifariki asubuhi ya Jumatano. Nikaitwa mimi na somo yangu, shoga yangu wa tangu utotoni, ambaye tumeosha pamoja miaka yote hiyo. Tulipoingia uani nikaona shuka zimekwisha fuliwa, ziko kambani zinachuruzika maji. Nikachungulia chumbani. Kitanda kilikuwa kamba tupu, godoro halipo. Na mkamwana alikuwa anafagia. Hakuwa na chozi.

"Godoro liko wapi?" nikamuuliza.

"Nimelitoa, Mama."

"Umelipeleka wapi?"

Akaniangalia kidogo. "Nimelichoma kule nyuma," akasema, akaendelea kufagia.

Katika ile tamthilia, asiye na la kuficha haanzi kwa kufua na kuchoma.

Tulimlaza bibi kwenye kitanda cha kuoshea, tukazungusha kanga, tukaanza. Mgongoni alikuwa na wekundu wa damu iliyoshuka, huo kila maiti anao, haukunishughulisha. Lakini nilipoinua mkono wake wa kulia, nikaona juu ya kiwiko madoa manne ya zambarau, yamejipanga upande wa nje. Nikaugeuza. Upande wa ndani kulikuwa na doa moja, kubwa kuliko yale. Vidole vinne na gumba. Mkono wa kushoto hivyohivyo.

Nikaendelea kupitisha maji, lakini macho yanatafuta. Nikamtazama kucha moja moja. Kisha nikafanya jambo ambalo sikupata kulifanya maishani: macho yalikwisha fumbwa vizuri, nikaweka kidole gumba nikamfunua kope.

Jicho lilikuwa jekundu pembeni. Au niliona wekundu kwa kuwa nilikuwa nautaka. Mpaka leo sina hakika.

Somo yangu akanishika kiganja. "Unatafuta nini humo?" akanong'ona.

"Huoni hii mikono?"

"Naiona. Tumekuja kuosha. Mfumbe macho."

Nikamfumba. Tukamtia karafuu maiti, tukamsuka misuko mitatu, tukamvisha sanda. Mikono yangu ilikuwa ikifanya kazi, lakini mimi sikuwa pale.

Tulipotoka, mdogo wake wa kike marehemu, aliyekuwa amefika kutoka mjini, alinishika bega akilia. Akaniuliza swali ambalo waoshaji huulizwa kila siku: "Dada yangu ameondokaje?"

Jibu lake ni moja, hata mtoto wa madrasa analijua. Unasema, "Ameondoka vizuri, alikuwa mwepesi." Mimi nikamtazama mkamwana kule jikoni, nikashusha pumzi, nikasema, "Ya Mungu mengi."

Hayo yalitosha. Kila aliyesikia alijua silo jibu langu la siku zote.

Siku ya hitma mkamwana alipika chai na maandazi. Wanawake wakapokea vikombe wakaviweka chini. Niliviona vimejipanga kwenye mkeka, chai imeota utando juu. Mdogo wake marehemu akachukua funguo za kasha la dada yake mbele za watu. Wiki ile yule fundi, aliyekuwa amekuja msibani, akahamia kula mjini kwa huyo mama yake mdogo, na kisimani nikasikia bibi alikabwa, bibi alizibwa pumzi kwa mto, tena maneno hayo nikaletewa mimi kama habari mpya. Nikatikisa kichwa tu. Nakiri kwamba ndani yangu nilijiona kama yule daktari, mtu aliyeona wasichokiona wengine.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, mkamwana akapiga hodi kwangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Hakukaa. "Nimekuja kuuliza. Uliona nini kwa mama mkwe wangu?"

Nilitaka kusema sikuona kitu. Lakini alisimama mlangoni kwa namna ambayo sikuweza kumdanganya. "Niliona alama za vidole," nikasema. "Mikono yote miwili."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akilingoja jibu hilo. "Twende nyumbani."

Nilimfuata, na sitaficha, niliogopa. Niliacha mlango wangu wazi makusudi ili watu wajue nimetoka ghafla. Alinipeleka chumbani kwa bibi. Kile kitanda kilikuwa kimetandikwa mkeka.

"Lala," akasema.

"Nilale kwa nini?"

"Lala, Mama. Legea kama mtu aliyepooza. Usijisaidie hata kidogo."

Nikalala. Akainama, akanishika mikono yote miwili juu ya viwiko, vidole nje, gumba ndani, akanivuta mpaka nikakaa. Nilisikia maumivu. Nilitazama mikono yake, nikaona imekaa palepale, doa kwa doa.

"Hivyo kumkalisha ale," akasema. "Hivyo kumgeuza. Hivyo kumwosha. Kila siku, mwaka na miezi saba, peke yangu. Ngozi yake ilikuwa kama karatasi, ukiigusa inavilia damu. Mwanawe hakupata kunishikia hata upande mmoja. Na nyinyi wa barazani hamkuja."

"Na godoro?" nikauliza. Hata pale, nimelala kwenye kitanda cha marehemu, niliuliza.

Uso ukambadilika. Akaropoka maneno ya Kikwere, lugha ya kwao, nisiyoyashika yote, kisha akarudi kwenye Kiswahili, pole pole. "Roho ilipotoka, tumbo nalo lilifunguka. Kila kitu kilichafuka. Ulitaka watu wamkute vile? Nilimwosha, nikafua, nikachoma godoro, nikafagia. Kulia nilikusudia kulia baadaye. Mimi nilimsitiri. Wewe uliyefundishwa kusitiri, ulifanya nini?"

Nilimwomba radhi nikiwa nimekaa palepale kwenye mkeka. Hakusema amenisamehe, hakusema hajanisamehe. Alinifungulia mlango.

Nilimwamini. Lakini njiani nikajikuta nawaza, mbona amekuja wiki ya tatu, asije siku ya pili? Mbona alijua mahali pa kushika sawasawa hivyo? Nikasimama katikati ya njia nikajichukia. Ni ugonjwa, na nilikuwa nimeutafuta mwenyewe.

Kesho yake nikapanda gari kwenda mjini kwa mdogo wake marehemu. Nikamweleza yote, madoa, kitanda, godoro. Alinisikiliza huku akichambua mchele.

"Kwani wewe siku ile ulisema nini?" akaniuliza.

"Sikusema kitu. Nilisema ya Mungu mengi."

"Basi hukusema kitu. Sasa unafuta nini?"

Nikarudi kama nilivyokwenda. Alhamisi, kwenye darasa la dini la wanawake, nikaomba nafasi nikasimama. Nikasema nilitafuta kwa maiti kisichonihusu, na nikawadhania vibaya walio hai, na yule binti hana kosa. Wachache walilia. Wengine walitazamana, na jioni ile ile maneno yakanifikia: ametishwa, ameonekana akiingizwa ndani na yule wa Lugoba, alipotoka alikuwa hana rangi. Mlango wangu nilikuwa nimeuacha wazi, na watu walikuwa wameona.

Mkamwana alivumilia mpaka arobaini ilipopita. Kisha akafunga vyombo vyake akarudi kwao na watoto wawili. Mumewe humfuata huko mwisho wa mwezi badala ya kuja Mlingotini. Asubuhi ile nilikwenda kumsaidia kubeba. Aliniachia nibebe ndoo moja na jiko, tukatembea hadi barabarani, na gari lilipokuja akaniambia, "Haya, Mama, kwaheri," kama anavyoagwa mtu yeyote.

Somo yangu bado huniita kukiwa na msiba. Hajanilaumu hata siku moja. Ila tangu wakati ule kata hunishikisha mimi, nimimine maji pale anaponionyesha, na mwili huugusa yeye.