Hapo Tu ya Bi Sikudhani

Fundi wa tovuti ya waendesha baiskeli huketi dukani kwake, mtaa wa Sofu, mguu mmoja wa suruali ukiwa ndani ya soksi, utadhani mnyororo utamng'ata hata kwenye kiti. Eugenia, anayempelekea njia mpya za Kisarawe kila Jumatatu, keshalizoea swali lake: "Umepita mwenyewe, au umeambiwa?" Aliyeambiwa hurudishwa akapite. Maana ukimuuliza mwenyeji umbali atakujibu "hapo tu," na hiyo hapo tu imeshawalaza watu porini. Ndiyo maana kwenye tovuti kila mwenyeji ana kipimo chake: "Hapo tu ya Mzee Hussen: kilomita mbili. Hapo tu ya Bi Sikudhani wa Vihingo, hadi kisimani: kilomita nne."

Jumatatu hii Eugenia hakuleta njia. "Kaka, Bi Sikudhani siku hizi kisima anakiita mbali. Magoti." Vidole viwili vya fundi, vinavyodonoa herufi kama kuku, vikasimama. "Na hapo tu yake sasa inaishia wapi?" "Kwenye mkeka wake wa mihogo, uani. Hatua kumi na moja." "Umehesabu mwenyewe?" "Nimehesabu. Na madumu yake ya maji nimeyaona mlangoni, matupu." Fundi akafuta kilomita nne, akaandika hatua kumi na moja. Akauvutavuta ule mguu wa suruali. Kisha akaongeza mstari mmoja kwa wote watakaopita njia ile: "Madumu yake yapo mlangoni. Kisima ni hapo tu."