Fundo Kwenye Pembe ya Shuka

Saa moja asubuhi, kwenye kiwanda cha kufulia, mkanda wa kupitishia nguo unaanza kusogea, na Deolinda Furtado anavaa glavu ya pili juu ya ile ya kwanza. Shuka chafu za hospitali tatu za Winnipeg, Kanada, zinapita mbele yake. Katikati hapatazami. Anatafuta pembe.

"Pembe nne, kisha iachie," anamwambia Harjinder Gill, anayesimama upande wa pili.

"Dada Deolinda, mwaka wa sita huu wimbo ni huo huo," Harjinder anajibu. "Hata usingizini nahesabu pembe. Mume wangu kaanza kunificha blanketi."

Leo utani ni mchache. Simu imepigwa kutoka wodini: Mzee Josiah Beardy, mwenye miaka themanini na mmoja, hakioni kifaa chake cha kusikilizia. Alipopelekwa kuogeshwa, nyuma kitanda kikatandikwa upya. Saa sita mchana anapanda ndege ndogo kurudi kwao kaskazini, na huko kupata kifaa kingine ni kungoja miezi mitano bila kumsikia mjukuu.

Magunia ya wodi ile ni arobaini. Msimamizi, Orest Kostyk, ameshika saa. "Nakupa nusu saa, mama. Baada ya hapo mashine hazingoji."

"Basi punguza maneno, vaa glavu."

Kostyk anavaa.

Anachokijua Deolinda hakijaandikwa ukutani. Gauni la hospitali halina mfuko, na mgonjwa asiyetaka kitu chake kipotee hukifunga kwenye pembe ya shuka. Bibi yake Deolinda, kisiwani São Jorge, Ureno, alifunga sarafu za sadaka kwenye kitambaa cha kichwa. Mama yake Harjinder, kule Punjab, alifunga funguo kwenye mtandio. Nyanya yake Kostyk alitoka Ukraine na mbegu za bizari kwenye leso.

"Hawakujuana hata mmoja," anasema Deolinda, "lakini ukiyatazama mafundo yao utadhani walilelewa nyumba moja."

Hakuanza akijua. Mwaka wake wa kwanza, miaka kumi na minane iliyopita, alidhani fundo ni alama ya wauguzi kwa shuka iliyolowa sana, akaipitisha. Mashine ikatoa meno ya bandia, vipande viwili.

"Nililia kama niliyemng'oa mimi," anasema mama huyu wa miaka hamsini na tisa. "Nikamwomba Mungu msamaha. Tangu siku hiyo halijanipita fundo."

Kwa mshahara wa dola kumi na tisa kwa saa, mwaka jana alifungua mafundo mia mbili na sita: miwani, rozari, tasbihi, vitana, pete, na peremende iliyolambwa nusu.

"Hiyo sikuirudisha," anacheka.

Zimebaki dakika tatu. Kwenye gunia la thelathini na saba inatoka shuka yenye fundo dogo, gumu. Kostyk anachomoa mkasi.

"Weka chini! Ukikata na kilichomo, utamwambia nini mzee wa watu?"

Anavua glavu ya juu, analifungua kwa kucha. Kifaa kimo, kidogo kama harage. Dereva wa gari la nguo anaondoka nacho mbio.

Saa tano na nusu simu ya Kostyk inalia. Anaiweka kwenye spika. Muuguzi anasikika akipaza sauti: "Babu! Kinafanya kazi?"

Kisha sauti ya mzee: "Binti, usinipigie kelele. Kwani mimi kiziwi?"

Ukumbi mzima unaangua kicheko. Deolinda anavua glavu zote, anafanya ishara ya msalaba.

Kabatini mwake limo gauni la hospitali alilolishona upya kwa cherehani yake ya nyumbani: mfuko mmoja kifuani, wenye kifungo. Alhamisi atalipeleka kwa wakubwa wa hospitali, na Kostyk ameahidi kumsindikiza.

"Watauliza gharama," Kostyk anamwonya.

"Mfuko nimeukata kwenye shuka chakavu. Waulize tu."

"Na wakikubali, dada?" Harjinder anachokoza. "Mafundo yataisha. Utafanya kazi gani?"

Deolinda anachukua shuka nyingine, anashika pembe ya kwanza.

"Watasahau vitu mifukoni," anasema. "Watu ndio hao hao."