Siagi Kwenye Platini

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo huwa inanirudia kila nikisikia pikipiki imegoma kuwaka, hata kama nimelala na blanketi limenifika puani. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mchanjaji wa ng'ombe katika kituo cha mifugo kule Bugene, miaka michache kabla ya uhuru, na nilikuwa nimekabidhiwa pikipiki ya kazi. Usiifananishe na hizi bodaboda zenu za hapa Songambele. Kutoka Bugene hadi ndani kabisa ya Kyerwa ungezihesabu pikipiki kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vingine vingebaki. Nikipita, watu waliacha kupalilia kahawa wakasimama kunitazama, na mimi, sikufichi, nilikuwa naongeza mwendo makusudi ili wanione vizuri.

Kaa hapo. Najua una haraka, lakini kaa kidogo.

Pikipiki ile haikuwa na betri. Jambo hilo lilinisumbua kuliko unavyoweza kufikiri. Tochi nilikuwa naijua, bila betri haiwaki. Sasa hii ilitoa wapi moto? Nilimuuliza Bwana Mifugo, mkubwa wangu wa kazi, mtu wa maneno machache. Akanieleza kwamba kuna kidude kinaitwa magneto. Injini inakizungusha, nacho kikizunguka kinazaa umeme chenyewe, umeme unapita kwenye waya mnene hadi kwenye plagi, plagi inatoa cheche, petroli inawaka. Halafu akasema, "Na usikifungue." Kwa nini nisikifungue, hakusema. Wewe ungefanyaje?

Nilikifungua Jumapili, baada ya ibada, wakati yeye amekwenda kwake. Kifuniko kilikuwa kimebanwa na chuma chembamba tu, hata bisibisi haikuhitajika. Ndani nikakuta vichuma viwili vinavyotazamana, vidogo kama punje za dengu, kimoja kimekaa palepale na kingine kiko kwenye kikono kinachocheza. Hizo ndizo platini. Nilipoisukuma kiki taratibu kwa mkono, nikaona zinagusana, zinaachana, zinagusana tena. Nikaifungua plagi, nikaiacha kwenye waya wake, nikailaza juu ya chuma cha injini, nikapiga kiki. Pale platini zilipoachana tu, cheche ya buluu ikaruka mdomoni mwa plagi! Mwanangu, nilicheka peke yangu kama mwehu. Nilipiga kiki mpaka goti likauma, nataka niione tena na tena. Mchana ule sikula.

Mpaka hapo sikuwa nimekosea kitu, na hilo ulishike.

Sasa, wewe umekulia nyumba ya bati na mafuta ya dukani. Mimi nilikulia nyumba yenye ng'ombe. Kwetu sisi Wanyambo wa zamani, chochote cha thamani kilipakwa siagi ya ng'ombe. Mtoto mchanga alipakwa. Bibi harusi alipakwa mpaka akang'ara. Ngozi za kulalia, mpini wa mkuki wa baba, kigoda cha mgeni, vyote mama alivisugua kwa siagi, na kitu kikionekana kikavu watu walijua nyumba hiyo haina mwenyewe. Nikavitazama vile vichuma. Kikono kile kilikuwa kikavu, na kwenye kiungo chake nikaona kutu kidogo. Roho ikaniuma. Niliona kama nimekabidhiwa kitu cha heshima nami nakiacha kipauke. Nikaenda chumbani, nikachota siagi kwenye kibuyu alichonipa mama, nikakipaka kikono chote, na nyingine nikaipaka pembeni mwa platini zenyewe. Nikarudisha kifuniko, nikafuta vidole kwenye nyasi, nikajiona nimeitendea haki.

Jumatatu alfajiri Bwana Mifugo aliniita. Sotoka ilikuwa imeua ng'ombe kilima cha pili kutoka Kamuli, na watu wa Kamuli walikuwa wanakusanya mifugo yao uwanjani wakinisubiri. Hujaiona sotoka wewe, na Mungu akuepushe. Ikiingia zizini wiki hii, wiki ijayo unabaki na kamba za kufungia na watoto wasio na maziwa. Akanipa chupa kubwa ya kutunza baridi, ndani mna vichupa vya chanjo vimezungukwa na barafu kutoka kwenye jokofu letu la mafuta ya taa. Akaniambia, "Ukifika barafu bado ipo, chanja. Ukikuta imeyeyuka yote, mwaga dawa, rudi. Usimchome ng'ombe wa mtu dawa iliyokufa." Barafu nyingine ya kunipa haikuwepo, ilikuwa mpaka kesho kutwa.

Pikipiki iliwaka kwa kiki ya kwanza. Nikaondoka naimba, chupa nimeifunga mgongoni, nasikia vipande vya barafu vinagongana ndani, kakara kakara, kila nikiruka shimo. Nikamaliza nusu ya safari vizuri kabisa. Halafu ukaja mlima mrefu, injini ikapata moto, ikaanza kukohoa. Ikakohoa tena. Ikazima, na haikuwaka tena.

Kulikuwa na njia panda hapo na kiduka cha Bi Zaituni. Huyu alikuwa mama wa makamo, Mwislamu, babu yake alikuja huku na biashara kutoka pwani asirudi. Aliuza mafuta ya taa, chumvi na sabuni, na zaidi ya yote alijulikana kwa kutengeneza tochi. Watu walimletea tochi kutoka vijiji vya mbali. Alikuwa amekaa barazani na tochi imefunguliwa vipande viwili mapajani, akanitazama naisukuma pikipiki hadi kivulini.

"Shikamoo, Bi Zaituni."

"Marahaba. Imekufa?"

"Petroli hiyo," nikasema. "Itakuwa imeingia maji."

Nilisema hivyo mbele ya watu waliokwisha kusogea, wakaniamini, maana nilikuwa nimevaa kaptura ya kazi. Na nilipokwisha kusema uongo ikabidi niufanyie kazi. Nikafungua bomba la petroli nikamwaga kidogo chini, wakanusa, wakatikisa vichwa. Nikasafisha plagi. Nikawaita vijana wakanisukuma mpaka mteremkoni, tukarudi tunaikokota kwa jasho. Kila mara nilishika kitu ambacho nilijua moyoni si chenyewe. Kile nilichokifungua jana sikukigusa, maana nilikatazwa, na kukigusa mbele ya watu ni kukiri kwamba nakijua. Jua likapanda. Nikaitikisa chupa. Sauti ya barafu ilikuwa imepungua, kilichosikika zaidi ni maji.

Nikawaona wale ng'ombe wa Kamuli kwa macho ya akili, wamesimama juani.

Bi Zaituni akaweka tochi yake chini, akanijongelea, akasema kwa sauti ya kusikia mimi tu.

"Mwanangu, kila anayeniletea tochi husema betri mbovu. Mimi simjibu. Namuuliza swali moja, ilipokuwa inawaka vizuri mara ya mwisho, baada ya hapo uligusa nini? Wote husema hawakugusa. Nikifungua nakuta wameweka karatasi, wameweka asali, mmoja alitia ugoro. Haya, na wewe uligusa nini?"

"Sikugusa kitu, bibi."

Hakunigombeza. Akaitazama ile chupa mgongoni kwangu, akauliza ndani mna nini. Nikamwambia ni barafu, na dawa ya ng'ombe wa Kamuli, na barafu ikiisha dawa inamwagwa.

"Basi uongo wako unayeyusha barafu ya watu," akasema. "Kufungua si kosa. Mimi ningefungua! Ningekuwa na dude hili ningelifungua siku ya kwanza. Lakini mtu akificha alipogusa, wote tunatafuta asipogusa, na wewe mwenyewe unatafuta nasi huku unajua. Uligusa wapi?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikachuchumaa, nikakifungua kile kifuniko, nikamwonyesha. Siagi yangu ilikuwa imeyeyuka kwa joto la injini, ikatambaa mpaka kati ya platini, ikaungua, ikawa ukoko mweusi. Harufu yake ilikuwa ya nyumbani kabisa.

"Siagi," nikasema.

Bi Zaituni aliinama, akanusa, akanitazama. Nilidhani atacheka, na kwa kweli midomo ilimcheza. Lakini kilichomshinda kilikuwa hamu ya kujua. Akachuchumaa na kanga yake vumbini, akaanza kuniuliza: hivi viwili vinagusana? Vikigusana umeme unapita? Vikiachana ndipo cheche inatoka? Nikamjibu. "Basi ni tochi tu hii," akasema. "Penye kugusana panataka pakavu na pasafi. Mafuta ni ukuta. Umevijengea ukuta katikati."

Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cheupe na kipande cha karatasi ngumu. Tukakichovya kitambaa kwenye ile petroli niliyoisingizia, tukafuta kikono, tukafuta platini, tukafuta tena. Akapitisha karatasi katikati yake ikatoka nyeusi, akakata nyingine, mpaka ikatoka kama ilivyoingia. Tukaacha pakauke. Nikailaza plagi juu ya chuma kama Jumapili ile, nikapiga kiki, na cheche ya buluu ikaruka. Bi Zaituni alipiga kigelegele barazani kwake kana kwamba amepata mjukuu. "Piga tena," akasema. "Nimekosa kuitazama vizuri." Nikapiga tena, pamoja na barafu na haraka zangu zote, maana nilimwelewa.

Nilifika Kamuli jua limeanza kuinama. Uwanja ulikuwa umejaa ng'ombe wenye pembe ndefu, na wenyewe wamekaa chini na fimbo zao. Mzee Byarugaba, mwenye kundi kubwa kuliko wote, aliinuka akaja. Nilifungua chupa. Maji, maji, vichupa. Nikaingiza vidole nikapapasa. Pembeni kilibaki kipande kimoja, hakikuzidi punje ya kahawa.

Nikakitoa, nikamwonyesha kwenye kiganja. Akakigusa, akarudisha kidole haraka, akamaka kwa Kinyambo. "Waitu! Kinaunguza."

"Ndicho kilichokuwa kinalinda dawa, tata," nikamwambia, yaani baba. "Kingekwisha kabla sijafika, ningemwaga yote mbele yako."

Tulichanja mpaka giza, na kundi lile lilipona. Kabla sijaondoka Mzee Byarugaba alimtuma mkewe alete zawadi, nami nikaiona inakuja. Ilikuwa kibuyu cha siagi. "Chombo chako kimechoka," akasema, "kipake." Hapo ningeweza kushukuru nikaondoka. Nikaona aibu nyingine siiwezi. Nikawasimulia wote, pale uwanjani, nilichopaka, nilichosingizia, na jinsi ng'ombe wao walivyobakizwa na punje moja ya barafu. Mzee hakucheka. Akanisukumia kibuyu, akasema, "Chukua siagi. Jipake wewe." Ndipo wakacheka wao.

Bwana Mifugo nilimwambia mwenyewe kesho yake. Alifoka, kisha akanifundisha kuifungua magneto vizuri: hapa tone moja la mafuta, hapa kamwe, nafasi ya platini unene wa ukucha. Kumbe alikuwa anaogopa tu ningeiharibu kwa kutojua. Nikaitunza pikipiki ile miaka mingi.

Sasa sikiliza, maana nimefika nilipokuwa naelekea. Kaka yako yuko uani tangu asubuhi, bodaboda yake imegoma kuwaka. Amebadilisha plagi, amelaumu petroli, sasa anampigia simu fundi wa Kayanga, na kuna mtu anamsubiri ampelekee mama yake hospitali. Macho yangu yamefifia, lakini juzi nilikuona umechuchumaa kando ya bodaboda hiyo, kifuniko kiko mkononi, unatabasamu. Nilifurahi. Nilijiona mimi. Ndiyo maana sikukuita.

Fungua vitu, mwanangu, usiache. Lakini kumbuka ulipogusa, na kitu kikigoma uwe wa kwanza kusema, kabla watu hawajaanza kumwaga petroli ya bure. Aibu inauma mara moja, tena kidogo. Mwenyezi Mungu akuzidishie hamu ya kujua, akupe mikono mipole na ulimi usiojificha, na kila utakachokifungua akujalie kukifunga kikiwa kizima.

Haya, nenda ukamwambie. Mkishaona tatizo, rudi unieleze mlikuta nini humo ndani. Na mimi nataka kujua.