Nilimwambia mkojo wake uko sawa, kumbe strip ilikuwa inanificha kitu

Niaje wakuu.

Hii story nimeikalia miaka mingi. Nitaisema vile ilikuwa, hata pale naonekana mjinga.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nimetoka college juzi tu, nafanya lab kwa kliniki ndogo Kawangware. Microscope moja na kopo la strip. Zile za kuchovya kwa mkojo, rangi ikibadilika unajua kuna sukari ama protein. Nilikuwa naziamini kama Bibilia.

Nyumbani ilikuwa Kibera, Silanga. Jirani yangu alikuwa Mama Mwende, Mkamba wa Kitui, muuza makaa. Mama wa nguvu, akicheka plot yote inajua.

Akaanza kulia mgongo. Sote tukasema ni magunia. Akakonda, akapauka. Akatibiwa malaria, akatibiwa typhoid, wapi.

Nikamwita kliniki. Nikachovya strip. Protein nil, yaani hakuna dalili ya figo kuharibika.

Baada ya wiki mbili, nil tena.

"Mama, figo ziko poa. Punguza tu kubeba mizigo."

"Asante daktari."

(Sikuwa daktari, wakuu. Lakini mtaani ukivaa koti nyeupe unaitwa hivyo, na mimi sikukataa.)

Jumapili moja akiwa kanisani akakohoa.

Kukohoa tu. Ubavu ukavunjika.

Kesho yake Mwende, binti yake, akamleta kliniki ameinama. Bahati nzuri mzee Barasa alikuwa lab. Huyu alikuwa amestaafu kazi ya maabara ya serikali, akawa anatusaidia siku mbili kwa wiki.

"Ubavu umevunjwa na kikohozi?" akaniuliza. "Leta mkojo wake."

Nikamwonyesha strip. Nil. Nilikuwa hata na kiburi kidogo.

"Hiyo inaona protein ya aina moja," akasema. "Kuna ingine inaipita tu."

Akamimina mkojo kwa test tube, akatia matone ya acid, akaisimamisha ndani ya sufuria ya maji juu ya stove, na thermometer kando.

Kabla maji yafike digrii sitini, mkojo ukawa mweupe kama uji.

Nikafungua mdomo. Akaniambia, "Ngoja."

Maji yakachemka. Ule weupe ukayeyuka, mkojo ukabaki safi! Akaitoa tube ikapoa. Weupe ukarudi.

Wakuu, mwili ulinisisimka. Protein ya kawaida ukiichemsha inaganda kama yai, na yai halirudi kuwa maji. Hii ilikuwa inaenda na kurudi mbele ya macho yangu.

Mzee hakufurahia kuwa right. Aliandika barua kwa mkono, taratibu.

"Inaweza kuwa myeloma. Cancer ya uboho, inakula mifupa na kumwaga hiyo protein kwa mkojo. Aende hospitali kubwa leo, si kesho."

Huko wakamtoa uboho kidogo wa kupima, wakapiga X-ray ya kichwa. Mfupa ulikuwa na matundu matundu. Ilikuwa kweli.

Nilienda kumwona wodini. Nikamwambia, "Mama, ni mimi nilikuambia uko sawa."

Akaniuliza:

"Na ule mzee alijulia wapi?"

"Alifundishwa zamani."

"Basi na wewe ujifunze."

Hakuwa anatabasamu.

Dawa zilimsaidia. Aliishi karibu miaka mitatu, akauza makaa akiwa ameketi kwa stuli, akaona Mwende akiolewa. Halafu figo zikakataa, tukamsindikiza Kitui kumzika. Sijui angepata muda gani zaidi kama ningemuuliza mzee Barasa mapema. Hilo swali bado ninalo.

Nilichojifunza: nil ya strip inamaanisha strip haijaona kitu. Mzazi wako akiumwa mifupa miezi na miezi na damu iko chini, uliza daktari kuhusu myeloma. Siku hizi kuna vipimo bora kuliko sufuria yetu.

Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mgonjwa "uko sawa". Namwambia nimepima nini na sijapima nini.

Watu wa lab mko? Kuna mtu strip imewahi kumdanganya hivi? Na wenye mmeuguza mtu wa myeloma, semeni ilianza vipi. Nasoma zote.